Uzoefu wangu na seti ya waya za amplifaya: shaba ya juu juu tu

Niliweka sabufa ya inchi 12 kwenye Premio yangu, pamoja na amplifaya ya chaneli moja ya wati 500. Pesa karibu yote iliishia hapo. Ilipofika zamu ya nyaya nikachukua seti ya bei ya chini Kariakoo: waya mwekundu ulioandikwa geji 4 (kipimo cha unene; namba ikipungua waya ni mnene zaidi), mweusi wa kufunga kwenye bodi, nyaya za sauti, kishikio cha fyuzi na fyuzi ya ampia 60, vyote mfuko mmoja. Ule mwekundu ulijaa mkononi, nikaridhika.

Wiki tatu muziki ulipiga vizuri. Kisha tukaenda Morogoro. Tulipokaribia Chalinze mke wangu akazima redio. "Baba Salma, kuna kitu kinaungua."

Nikaegesha pembeni, nikafungua boneti. Plastiki ya kishikio cha fyuzi ilikuwa imelainika na kupinda upande mmoja, na pale waya unapoingia hapashikiki. Fyuzi yenyewe nzima kabisa. Hilo ndilo lililonitisha. Mtoto amelala kiti cha nyuma, waya unapita chini ya kapeti miguuni pake, na kile nilichokitegemea kitulinde hakijashtuka hata kidogo. Nikauchomoa waya kwenye betri, tukamalizia safari kimya.

Kesho yake nikampata fundi umeme wa magari pale Msamvu, mtu mtaratibu. Akaurudisha waya kwa muda, akawasha injini, akaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya amplifaya kule kwenye buti, kwa kipande kirefu cha waya. "Ongeza besi, kaka." Mita ikapanda hadi volti 1.3. Maana yake volti hizo zinapotelea njiani kabla ya kuifikia amplifaya. Kwa mkondo wa ampia 45 hivi, hizo ni karibu wati 60 zinazogeuka joto ndani ya waya na kishikio. Upande wa hasi nako kulikuwa na shida: skrubu ilikuwa imekazwa juu ya rangi ya bodi, haijagusa chuma vizuri.

Halafu akakata kipande cha waya na kukwangua uzi mmoja kwa wembe. Chini ya wekundu ukatokea weupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule. Na unene wenyewe ulikuwa wa gamba: alipoulinganisha na waya halisi wa geji 8, nyuzi za ndani zilikuwa sawasawa. Geji 4 ya kweli ina milimita za mraba 21 hivi, geji 8 ina 8 na kidogo. Nilikuwa nimeuziwa chini ya nusu.

Kuhusu fyuzi alinieleza vizuri. Fyuzi hukatika mkondo ukizidi kiwango chake. Mkondo wangu haukufika 60, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kukatika, ingawa waya ule haukustahili hata kufungiwa fyuzi kubwa hivyo.

Tulibadilisha waya wote, chanya na hasi, tukaweka shaba tupu geji 4 na kishikio kipya karibu kabisa na betri. Kwenye bodi akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga kwa boliti na washa. Nyaya nilizilipia mara tatu ya ile seti. Kipimo kilekile, besi ileile: volti 0.2.

Niliporudi dukani muuzaji alisema zote ndivyo zilivyo. Si kweli, na mfuko haukutaja popote kwamba ni aluminiamu. Nyaya za sauti zilizokuwemo sijaziona kasoro, bado nazitumia. Waya wa umeme na kishikio siwezi kumshauri mtu avifunge kwenye gari analopandia familia. Mkinunua, ombeni kukwangua uzi mmoja kwanza, dakika moja haiishi.

Wiki iliyopita tulipita tena njia ileile. Chalinze nikasimama, nikashika kishikio cha fyuzi kwa kiganja kizima: vuguvugu la injini tu. Tukaendelea, redio imewashwa.