Nilikalishwa kwenye Ndoo: Uzoefu Wangu na Mafunzo ya Kurusha Softiboli

Nilikuwa nimekwisha kutoa nyota tatu kati ya tano, kwa kuwa sipendi kumharibia mtu riziki yake kwa jambo ambalo huenda lilitokana na siku mbaya tu, lakini nilipoanza kuyaeleza yaliyotokea nikaona nyota ya tatu haina pa kukaa. Huduma yenyewe ni mafunzo ya kurusha mpira wa softiboli, mchezo wa gongo ulio ndugu wa besiboli, kwa watoto wa kike, yanayotolewa ndani ya ghala lililogawanywa kwa nyavu hapa Columbus, Ohio, ambako majira ya baridi hayamruhusu mtoto kushika mpira nje. Bei na saa zao mtaziuliza wenyewe.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa alipoamua, bila kumshauri mtu, kwamba yeye ni mrushaji. Katika umri huo mrushaji husimama futi 35 kutoka kwa mpigaji, na mpira una mzingo wa inchi 11, kiasi kwamba kiganja cha mtoto hakiwezi kuufumbata. Hana budi kuushika kwa vidole, kuuzungusha mkono mzima kama pangaboi, kisha kuuachia chini, pembeni mwa nyonga, kwa wakati ambao akichelewa kidogo tu mpira unapaa darini na akiwahi unachimba sakafu. Mimi nimekulia Tanga, na urushaji pekee niliowahi kuufanya ni wa rede, pale dada zangu walipopungukiwa mtu wakaniweka upande mmoja nimlenge kwa mpira wa soksi yule aliye kati, anayejaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Hiyo si softiboli, nakubali. Ndiyo maana nililipa.

Niseme pia kuhusu ndoo, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha hapa. Wazazi wa warushaji katika nchi hii huketi juu ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa sponji, ambayo ndani yake hubebwa mipira, na kutoka hapo humdakia mtoto mipira yake jioni baada ya jioni. Nilinunua yangu, nikaona fahari kuikalia katika maegesho ya magari ya nyumba tunayopanga, na miundi yangu yote miwili ina alama za kuthibitisha hilo. Mama yake alicheka alipoona nimeketi juu ya ndoo kama mama ntilie, lakini zile ndizo jioni zangu bora tangu nihamie Marekani.

Wiki za mwanzo sina lawama. Kocha alichora mstari wa chaki kutoka kwenye bamba la kurushia hadi kwenye bamba la mpigaji, akamwambia mtoto kila hatua yake iangukie juu ya mstari huo, na kwa jambo hilo moja mguu uliokuwa ukikimbilia pembeni ukanyooka. Mimi nilikuwa nimeliangalia kosa hilo miezi mingi bila kulijua jina wala dawa. Pale nilikuwa tayari kumsifu kocha huyu msikitini na sokoni.

Halafu ikaja ile wanayoiita salamu ya kiwiko. Mtoto hufundishwa kwamba, mkono ukiwa juu, auelekeze mpira nyuma, upande wa besi ya pili, yaani kituo cha wakimbiaji kilicho mgongoni mwa mrushaji, na akishauachia aukunje mkono kwa nguvu hadi kiwiko kimtazame mpigaji, kana kwamba anamsalimia. Watoto sita walikuwa wamepangwa kwenye nyavu, wenye mikono mirefu na wenye mikono mifupi, na wote walikuwa wakifanya salamu hiyo hiyo mara hamsini hamsini. Sasa mimi, kwa kuwa usingizi wangu ni haba, nilikuwa nimetazama kwa mwendo wa polepole video nyingi za warushaji wakubwa, na nilichokiona ni kigasha kinachoipangusa nyonga mpira unapotoka, halafu mkono unajipinda kuelekea ndani na kutulia wenyewe. Kiwiko kikipanda, kinapanda mpira ukiwa umekwisha kwenda zake, na sielewi kitaongezaje kasi ya kitu ambacho hakipo tena mkononi.

Nikauliza. Nilisubiri mapumziko ya maji, nikasogea, nikauliza kwa adabu na kwa sauti ya chini. Kocha hakushusha yake. Aliniuliza, watoto wote wakisikia, nimecheza mchezo huu miaka mingapi. Nikasema sijaucheza hata siku moja. Akasema, "Basi kaa kwenye ndoo yako, dakia mpira." Baba mmoja nyuma ya wavu alicheka, mwingine akajifanya anasoma simu yake.

Nilikaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yenyewe, kwamba nilirudi nikakaa kwenye ndoo na kuinua glavu, na binti yangu akaniona. Mpira uliofuata ulipita futi mbili juu ya kichwa changu, na uliofuata huo pia, na mpaka kipindi kinakwisha sikumbuki kudaka mpira hata mmoja uliokuwa mzuri. Ndani ya gari alinyamaza mpaka taa ya tatu, kisha akauliza, "Baba, kweli wewe hukuwahi kucheza?" Nikamsimulia rede. Akaona ni hadithi ya kumfariji.

Ningeweza kusamehe hata hapo, kwa sababu watu wa michezo wana midomo mikali na mimi si yai. Lakini wiki chache baadaye mtoto alisema anaumwa mbele ya bega, na kocha, badala ya kumpumzisha, akamtajia Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 kwa siku mbili katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na kuiletea nchi yake dhahabu. Ni kweli, na ni jambo la kustaajabisha. Ila Ueno wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka 26, na binti yangu alikuwa na jino linalolegea. Hapa watu wengi huamini kwamba kurusha kwa chini hakuuchoshi mkono, hivyo hakuna anayehesabu mipira, ilhali msuli wa mbele ya mkono hufanya kazi kubwa kila mkono unaposhuka kwa kasi na kupita nyonga. Nilifunga zipu ya begi lake nikamtoa, na safari hii sikuuliza mtu.

Msimu ulipofunguliwa, salamu ya kiwiko ilitoka naye ghalani. Mrushaji akikosa shabaha mara nne kwa mpigaji mmoja, mpigaji huyo hupewa besi ya kwanza bure, na siku ya mchezo wa kwanza alizigawa besi kama mtu anayegawa pilau msibani, mpaka akaondolewa akakaa benchini amejifunika uso kwa glavu. Tulichukua muda mrefu maegeshoni kukirudisha kigasha kwenye nyonga, taratibu, mipira thelathini tu kwa jioni, na kwa kweli hata hapo kilichotuokoa ni ule mstari wa chaki, kwa hiyo nikisema sikupata kitu nitakuwa mwongo. Nyota mbili, basi. Au moja kwa kocha na moja kwa chaki.

Vipindi viwili nilivyolipia kabla bado vimebaki, na fedha hazirudishwi. Nimeuliza mara mbili, mara ya pili si kwa adabu sana. Nilikuwa nimeamua vipotee. Lakini juzi alikuja jikoni na glavu mkononi, akaniambia anataka twende tukavimalize, kwa sababu kule kuna bamba halisi na sakafu haina mafuta ya magari. Nikamwuliza kuhusu kiwiko. Akasema kiwiko atafanya kocha akitazama, na kocha akigeuka atarusha yake.

"Ila Baba," akasema, "ndoo tuiache nyumbani. Wewe utasimama."