Puli iliyolegea: kuchomelea au kubadilisha kii?

Trekta dogo la kukatia nyasi likigonga unapoondoka, halafu mkanda ukaruka, kagua puli ya kuendesha, lile gurudumu linalopitiwa na mkanda: huenda imelegea kwenye shafti. Hapa Kampala utapewa njia mbili.

Kuichomelea ndiko kwa haraka. Katwe mafundi wa kuchomelea hawakosekani, na kazi huisha kabla chai haijapoa. Lakini joto lile huweza kuunguza sili ya mafuta (kizibo kinachozuia mafuta kuvuja) iliyo karibu na kupinda shafti. Puli ya chuma cha kusubu nayo yaweza kupasuka inapopoa. Na siku sili ikivuja, puli utaitoaje? Kwa kuikata tu.

Njia ya pili ni kubadilisha kii, kile kipande cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa shafti na kuishika puli. Kwa kawaida hutengenezwa laini kuliko shafti makusudi, ili iliwe yenyewe badala ya shafti. Kama mfereji umepanuka, mpelekee fundi mkereza auchonge upya na kutengeneza kii ya kuutosha. Utangoja zaidi na kulipa zaidi. Mimi ningelipa. Kuchomelea ningekukubali kwa mashine inayokaribia kuuzwa chuma chakavu, basi.

Ukishamaliza puli, kagua na breki: katika mengi ya matrekta haya pedali moja hulegeza mkanda na kubana breki. Pedi zikiwa bado nene, kaza nati ya kurekebishia. Zikiisha, weka mpya. Ukikaza kupita kiasi, breki itashika muda wote na kuungua. Toa waya wa plagi ya injini kabla ya kugusa chochote, na jaribia uwanja tambarare, si mteremkoni.