Nibla safi, vibanio vyenye ila: mwaka mmoja na seti ya vyombo vya upasuaji vya mkononi

Kazi yangu ni kusimama kando ya daktari mpasuaji, trei ikiwa mbele yangu, na kumpa chombo anachokihitaji kabla hajamaliza kukitaja. Ni mwaka wa 18 sasa. Seti ninayoizungumzia hapa imepita mikononi mwangu mwaka mzima: vyombo 42, yaani 14 vya mfupa, 11 vya pua na 17 vya upasuaji wa kawaida. Nimevipokea, nimevihesabu, nimeviosha, nimevipeleka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, na kuvipanga tena kesho yake. Jina la mtengenezaji silitaji. Ninachotaka mwenzangu aondoke nacho ni namna ya kuvikagua vyombo vya aina hii, awe amevipata kwa nani.

Nianze na nibla, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Nibla ni koleo la kung'atia mfupa. Jina lake la Kifaransa lina maana ya mgugunaji, na kweli inaguguna. Mdomo wake ni vijiko viwili vyenye makali vinavyokutana ana kwa ana. Nibla kubwa ya seti hii ni ya umbo la Leksell, kwa jina la Lars Leksell, mpasuaji wa ubongo wa Swideni, yule yule aliyebuni tiba ya kulenga uvimbe wa ubongo kwa miale ya gama. Ina viungo viwili vinavyofuatana. Kiganja kikibana mipini, kiungo cha nyuma kinakisukuma cha mbele, na nguvu inakuzwa njiani kabla ya kufika mdomoni. Ndiyo maana hata daktari mwenye mkono mwembamba anaweza kung'ata ukingo wa mfupa mgumu bila mkono kutetemeka.

Siku ilipofika niliijaribu kwa kadi ngumu, kama tunavyofanya kwa kila nibla mpya. Unaweka kadi kati ya vijiko, unabana mara moja, unaachia. Kipande kinapaswa kudondoka chenyewe, na tundu linalobaki liwe na ukingo safi mzunguko mzima. Ukiona uzi wa karatasi unaning'inia, hapo ndipo makali hayakutani, na hapo hapo ndipo mfupa utakapopasuka badala ya kukatika. Hii ilitoa matundu sita mfululizo, yote safi. Nimerudia jaribio hilo wiki iliyopita, baada ya mwaka mzima wa kazi, na bado kipande kinadondoka chenyewe.

Mara ya kwanza tuliitumia kulainisha ncha ya mfupa wa paja baada ya kukata mguu. Nibla yenye makali ina sauti yake: mlio mmoja mfupi, mkavu, kama kijiti cha kuni kikivunjwa. Nibla butu husaga. Ukisikia kusaga, ukatazama mkono wa daktari, utaona ameanza kuuzungusha ili ang'oe kile ambacho chombo kimeshindwa kukata, na mfupa hupasuka kufuata mkondo wake wenyewe. Siku ile nilisikia milio mikavu kumi na kitu, daktari hakuzungusha mkono hata mara moja. Alipomaliza alinirudishia akasema, "Sista, hii isikae mbali na mimi." Tangu siku hiyo inapangwa mstari wa mbele.

Osteotomu, yaani vyuma bapa vya kukatia mfupa kwa kugongwa na nyundo, ziko nne, za upana wa milimita 6, 10, 15 na 20, na patasi mbili. Wageni chumbani kwetu huzichanganya, kwa hiyo niseme tofauti yake: osteotomu imenolewa pande zote mbili, patasi upande mmoja tu. Ya kwanza hupita mfupani moja kwa moja. Ya pili huvutwa upande mmoja, na daktari anayejua hilo huitumia makusudi kuchonga. Makali ya zote ni mazuri, yanaparua kijiti cha plastiki na kutoa unyoya mwembamba bila kuteleza. Kinachonikera ni namba za upana. Zimechapwa kwa leza juu juu tu, na sasa ya 15 haisomeki mpaka uigeuze kwenye taa. Katikati ya operesheni sina nafasi ya kugeuza chombo kwenye taa.

Vijiko vya Volkmann vya kukwangulia mfupa ni imara, sina la kuongeza. Eleveta za kubandulia utando wa mfupa, vivyo hivyo. Waya wa Gigli, yaani msumeno wa uzi wa chuma, tumetumia mara moja tukautupa kama ilivyo desturi yetu. Leonardo Gigli alikuwa daktari wa uzazi wa Italia, na waya ule aliubuni karne ya 19 ikielekea ukingoni ili kukata mfupa wa nyonga mama anaposhindwa kujifungua. Kila ninapoushika namfikiria yule mama.

Nyundo ndiyo iliyonisikitisha. Ina uzito mzuri, inatulia mkononi, lakini kichwa kimeungwa na mpini kwa skrubu, na pale vinapokutana pana ufa ambao ukucha unaingia. Mwezi wa pili nilipitisha brashi nyembamba humo baada ya chombo kuwa kimeshaoshwa na kuonekana kinang'aa. Brashi ilitoka na rangi ya kahawia. Damu iliyokauka. Nikailoweka kwenye sabuni ya vimeng'enya, nikapitisha brashi tena, ikatoka kahawia tena. Mvuke wa otoklevu unaua vijidudu pale unapofika; uchafu uliogandamana ufani unaweza kuuzuia usifike. Nyundo hiyo haijaingia kwenye trei tangu siku ile. Nyundo ya mfupa inapaswa kuwa chuma kimoja, au iungwe kwa kulehemiwa na kusuguliwa mpaka usiuone mshono.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama seti nzima kwa jicho lingine. Tunapopokea vyombo vipya wengi wetu tunakimbilia makali na mng'aro. Mwaka huu umenionyesha kuwa shida karibu zote za seti hii zimejificha pale ambapo kipande kimoja kinakutana na kingine.

Upande wa pua una chombo ambacho ningekinunua peke yake: eleveta ya Freer. Ni fimbo nyembamba kuliko kalamu, yenye ncha mbili, moja kali kidogo na nyingine butu. Otto Freer wa Chicago aliandika kuhusu kunyoosha ukuta wa kati wa pua mwaka 1902, na Gustav Killian wa Ujerumani akafuata mwaka 1904. Majina yao wote wawili bado yanatajwa chumbani kila tunapofanya kazi ile ile. Ukuta huo ni gegedu na mfupa, umefunikwa pande zote mbili na utando. Gegedu haina mishipa yake ya damu, inalishwa na utando huo. Daktari anaingiza Freer kati ya gegedu na utando na kuubandua taratibu, bila kuutoboa. Utando ukichanika upande mmoja, mara nyingi unapona. Ukichanika pande zote mbili mahali panapoelekeana, mgonjwa anaweza kubaki na tundu puani, pua ikipiga mluzi na kutoka damu kila mara.

Kwa hiyo ncha ya Freer siichukulii kirahisi. Ninavuta kidole cha glavu mpaka kinyooke, halafu napitisha ncha butu juu yake, kwanza kwa ubapa, kisha kwa ukingo. Chuma kikiwa na hata kijiba kidogo kilichoachwa na tupa, glavu inakamatwa na unahisi kabla hujaona. Hii inateleza kama kidole kwenye kioo kilicholowa. Tena haing'ai: uso wake umefifishwa, hivyo taa ya kichwani haimrudishii daktari mwanga machoni. Spekulamu ya Killian, chombo cha kupanulia tundu la pua, nayo imefifishwa hivyo hivyo. Mtengenezaji alifikiri vizuri hapa.

Spekulamu za Thudichum ziko tatu. Hizi ni springi iliyopindwa: unaibana ili mabawa yafunge, unaingiza, unaachia yafunguke yenyewe. Ndogo na kubwa ni sawa. Ya kati ina springi ngumu mno, na kwa mgonjwa aliye macho hilo si jambo dogo, kwa sababu nguvu inayofungua mabawa ndiyo nguvu inayosukuma pua yake. Nilijipima mwenyewe kabla ya kuitoa kwenye trei. Inaumiza.

Mrija wa kufyonza damu una tundu la kidole gumba la kupunguzia nguvu, na umekuja bila waya wake wa kuzibulia. Ni wa namba 10, na kila namba ni theluthi ya milimita, kwa hiyo njia nzima haifiki milimita 3.5. Mrija mwembamba kiasi hicho bila waya wa kuzibulia ni chombo nusu. Tumetafuta waya kwingine.

Sasa vibanio vya mishipa. Viko 8. Kila kibanio kipya nakifunga jino la kwanza tu la kufuli, nakishika kwenye kiungo, nakigonga kwenye kiganja cha mkono wa pili. Kibanio kizuri hakitikisiki. Kati ya 8, vitatu vilifunguka. Vitatu! Fikiria kimebana mshipa ndani kabisa ya tumbo, daktari amehamia upande mwingine, na kinafunguka kwa kuguswa na kiwiko. Havikumfikia mgonjwa yeyote, vilirudi kwa muuzaji wiki ile ile, na vingine vikaja baada ya miezi miwili. Kwa kubadilisha bila mabishano, nampongeza. Kwa kuvipakia mwanzo bila mtu hata mmoja kuvigonga kiganjani, hapana.

Vile vitano vilivyofaulu navyo havikufika mbali. Mwezi wa nne nikaona madoa ya kahawia kwenye viungo viwili. Doa si lazima liwe kutu, kwa hiyo nilifanya jaribio la siku zote: nikasugua kwa kifutio cha penseli. Doa likitoka na chuma chini yake kiko laini, ni mabaki ya maji au sabuni. La kwanza lilitoka. La pili lilitoka likaacha vishimo, na vishimo ni kutu. Chini ya lenzi nikaona pia ufa mwembamba kama unywele ukianzia kwenye kiungo hicho hicho. Kibanio hicho kimekwisha. Hakuna cha kutengeneza.

Tuliulizana kama kosa ni letu. Chuma hiki hakishiki kutu kwa sababu ya kromi: ikikutana na hewa inajenga utando mwembamba usioonekana unaokilinda. Harry Brearley wa Sheffield alikifanyia kazi chuma cha namna hiyo mwaka 1913, na mpaka leo tunakitegemea. Ila vyombo vya kubana na kukata vinahitaji kaboni zaidi ili viwe vigumu, kwa hiyo havistahimili kutu kama ritrakta, vyombo vya kushikilia jeraha wazi, ambazo chuma chake hutiwa nikeli. Maji ya chumvi na dawa za klorini huutafuna utando ule. Sisi hatuvilazi kwenye maji ya chumvi, tunavifungua vyote kabla ya kuviosha, tunatia mafuta yanayochanganyika na maji kwenye viungo, na otoklevu yetu inakwenda nyuzi 134 kwa dakika 3 au 121 kwa dakika 15. Vibanio vya zamani, vilivyokuwepo kabla sijaajiriwa, vinaoshwa beseni moja na hivi na havina hata kishimo.

Kishikio cha sindano kinastahili aya yake. Kina pete za rangi ya dhahabu. Kwa desturi ya kazi yetu, dhahabu kwenye pete ni ahadi kwamba mdomoni kumewekwa vipande vya tangsteni kabaidi, madini magumu kuliko chuma chenyewe, ili sindano isizunguke. Nilitazama mdomo wa kishikio hiki kwa lenzi. Sikuona mshono wala kipande kilichopachikwa. Ni chuma kile kile kimechorwa mistari. Baada ya miezi mitano sindano ndogo zilianza kuzunguka, na daktari akalazimika kushika upya kila mshono. Huo naona ni udanganyifu, na nimemwandikia muuzaji kwa maneno hayo hayo. Kabla ya kulipia pete za dhahabu, fungua mdomo utafute mshono.

Mikasi ya Mayo na Metzenbaum ni ya wastani, inakata shashi tabaka nne mpaka nchani. Mipini ya visu, namba 3 na namba 4, inashika wembe vizuri bila kucheza.

Leo asubuhi nimepanga trei ya mfupa: nibla, osteotomu zote nne nikiwa nimezitia alama upya, vijiko, eleveta, na nyundo yetu ya zamani ya chuma kimoja. Kwa mtengenezaji huyu nimeagiza Freer ya pili na nibla ndogo ya mdomo wa milimita 3. Vibanio nimeagiza kwingine, na vikifika nitavigonga vyote kiganjani kabla sijasaini karatasi ya mapokezi.