Bima ya safari iliyomfaa mama, na ile iliyotuacha kwenye mataa

Nimemnunulia mama bima ya safari mara mbili, zote za kwenda Ujerumani kumwona dada yangu anayekaa Hamburg. Ya kwanza ilitupatia viza tu. Ya pili niliielewa kabla ya kulipa.

Mwaka 2023 nilikuwa na haraka. Ukiomba viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, unadaiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote utakazokuwa huko, na inayolipia pia kumrudisha mgonjwa, au maiti, nyumbani. Nikatafuta kwenye simu ile ya bei ya chini kabisa, nikalipa shilingi 4,200, cheti kikaingia kwenye barua pepe kabla chai haijapoa. Ubalozi ulikikubali. Nikajua mambo yamekwisha.

Wiki ya pili kule, presha ya mama ikapanda usiku. Kizunguzungu, kichwa kinamgonga, hawezi kusimama. Dada akapiga 112, ambulensi ikaja, mama akalazwa siku mbili. Tulipopeleka dai, jibu lilikuwa sentensi moja: ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima kuanza haulipiwi. Ndipo nikafungua ile hati ya kurasa 34 ambayo sikuwa nimeigusa. Ukurasa wa 19, kwa maandishi madogo, presha ilikuwa imetajwa waziwazi, pamoja na kisukari na pumu. Mama alikuwa amemeza vidonge vya presha kwa miaka minane! Dada alilipa bili ile kidogo kidogo karibu mwaka mzima, na nikikumbuka bado inaniuma.

Safari ya mwaka 2025 nilimchukua mama mwenyewe, tukapanda ghorofani kwa wakala mmoja kwenye barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu. Nilikuwa nimeshahakikisha kwamba kampuni anayoiuzia imo katika orodha ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Akampa mama kiti. "Mama, umekuja na dawa zako?" Mama akafungua fundo la leso, akatoa pakiti mbili, na yule kijana akanakili jina la kila kidonge kwenye fomu. Kisha akafungua hati na kuanza na sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kwa miaka 71 na presha iliyotajwa, ada ilifika shilingi 11,600. Mama akaguna, "Hiyo si bei ya mbuzi?" Najua wengi huficha ugonjwa ili ada ishuke. Msifiche. Kampuni ikigundua wakati wa dai, inaweza kukataa kulipa, na wakati huo mgonjwa yuko kitandani ugenini.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba presha ikipanda ghafla italipiwa, lakini kliniki ya kawaida na dawa za kila siku hapana. Kwa hiyo mama alibeba vidonge vya safari nzima, ndani ya mkoba wa mkononi, maana sanduku huweza kuchelewa. Yuro 100 za kwanza za kila tukio zingekuwa juu yetu. Na kama hali si ya kufa na kupona, tupige kwanza nambari yao ya saa 24 kabla ya kwenda hospitali.

Siku ya tisa mama aliteleza kwenye ngazi zilizolowa mvua, akavunjika kifundo cha mkono. Dada akapiga ile nambari. Kampuni ikatuma barua ya dhamana, yaani ahadi kwamba italipa bili, moja kwa moja hospitalini, na mama akafungwa plasta jioni hiyo hiyo. Tulilipa zile yuro 100 zetu, basi.

Lalamiko langu ni moja. Pesa za teksi na dawa za maumivu zilichukua wiki saba kurudi, tena walitaka risiti halisi, si picha, ikabidi dada azitume kwa posta. Kama angezitupa tungekosa. Kwa hilo nawapa nyota nne kati ya tano.

Mama anataka kwenda tena Desemba. Ile nambari ya dharura bado iko kwenye kipande cha karatasi, imefungwa ndani ya leso pamoja na vidonge vyake.