Tairi pana nyuma, jembamba mbele: tathmini ya seti ya inchi 18 kwenye Mark X jijini Mbeya

Seti ninayoitathmini ni ya matairi manne ya inchi 18 yaliyofungwa kwenye Toyota Mark X ya toleo la GRX130, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma: mbele ni 225/45 na nyuma ni 255/40. Nilifungiwa katika duka moja la matairi upande wa Mwanjelwa, na nimeyatumia msimu mzima wa mvua kati ya Mbalizi na Uyole, pamoja na safari za Tukuyu. Kwa uendeshaji sina lalamiko kubwa. Kwa matumizi ya muda mrefu katika Nyanda za Juu Kusini nina mashaka, na nitaeleza kwa nini.

Ubora wa seti ya namna hii huanzia kwenye hesabu kabla ya chapa au mng'ao wa rimu. Namba ya kwanza ubavuni ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo tairi langu la mbele lina ubavu wa milimita 101 na kipenyo cha nje cha milimita 659.7, na la nyuma lina ubavu wa milimita 102 na kipenyo cha milimita 661.2. Upana umeachana kwa milimita 30, lakini kipenyo kimepishana kwa milimita moja na nusu tu, na hapo ndipo siri yote ya mpangilio huu ilipo.

Muuzaji alitaka kunipa 255/45 kwa nyuma, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo rafuni. Fundi wake akamkatalia mbele yangu: "Hapana, mzee, hiyo itakuwashia taa za dashibodi." Alikuwa na hoja. Tairi la 255/45 lina kipenyo cha karibu milimita 687, yaani kipenyo chake kinazidi cha tairi la mbele kwa asilimia 4, na katika kila kilomita magurudumu ya mbele yangezunguka takriban mara 19 zaidi ya yale ya nyuma. Kompyuta ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) na ya kuzuia gari kuteleza husoma mzunguko wa kila gurudumu, na tofauti isiyokwisha ya kiasi hicho inaweza kuifanya iamini kwamba kuna magurudumu yanayoteleza wakati gari linakwenda sawasawa. Kwa jambo hilo peke yake nampa fundi huyo alama za juu, kwa kuwa duka lingeweza kuuza na kukaa kimya.

Huduma nyingine ilikuwa nzuri kwa kiasi. Rimu za nyuma zina upana wa inchi 9 na za mbele inchi 7.5, vipimo vinavyoyafaa matairi haya, na kazi ya kubalansi ilifanywa kwa mashine hadi mtetemo ukaisha kabisa. Hata hivyo, ilinibidi niombe mwenyewe kuoneshwa tarehe ya kutengenezwa, ile namba ya tarakimu nne ambayo, kwa mfano, ikiwa 1823 humaanisha wiki ya 18 ya mwaka 2023. Duka linalojiheshimu humwonesha mteja namba hiyo bila kuombwa, hasa mjini ambako matairi ya mtumba na mapya hukaa ukuta mmoja.

Barabarani, tofauti huonekana kwanza kwenye kupanda. Kwenye mlima wa Iwambi, lami ikiwa imelowa, sehemu ya nyuma ya gari inashika vizuri zaidi kuliko nilivyozoea, na kwenye kona za kuelekea Tukuyu gari huelekea kusukuma pua nje badala ya kutupa mkia, tabia ambayo dereva wa kawaida huimudu kwa urahisi zaidi. Lakini upana huo huo huwa adui pale maji yanapotuama, kwa sababu tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma pembeni, na likishindwa huelea. Wilaya ya Rungwe, uliko mji wa Tukuyu, haina uhaba wa mvua, kwa hiyo mwendo lazima upungue mapema. Kuhusu matuta, nitasema tu kwamba tairi la kiwandani la 215/60 la inchi 16 lina ubavu wa milimita 129, na mgongo wako utazihesabu hizo milimita 27 zilizopotea.

Shaka langu kubwa ni uchakavu. Seti ya matairi yanayofanana huzungushwa, ya mbele yakahamia nyuma, ili yote manne yaishe pamoja, lakini hii haizungushwi kwa kuwa ya mbele na ya nyuma hayalingani upana. Matairi yangu yana mshale wa mwelekeo, kwa hiyo hata kubadilisha kulia na kushoto kunahitaji kuyavua kwenye rimu. Ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma gari mlimani, yatafika kipara mapema, na yatanunuliwa mawili kwa pamoja kwa bei iliyo juu ya yale ya mbele. Sijaikuta 255/40 Tukuyu. Kwa tairi la akiba nimepata nafuu isiyotarajiwa: lile la zamani la 215/60 lina kipenyo cha milimita 664, karibu sawa na haya mapya, hivyo linaweza kunifikisha kwa fundi kwa mwendo mdogo bila kuisumbua difu, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu.

Kwa mwenye Mark X inayosukumwa nyuma, anayeishi mjini na anayeweza kusubiri tairi liagizwe, seti hii inastahili nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwenye Mark X Four, Subaru Forester au gari lolote linalosukumwa na magurudumu yote manne asiiguse, hata akikuta vipenyo vinakaribiana dukani, kwa sababu matairi hayo hayataisha kwa kasi moja, na difu ya kati ndiyo itakayobeba tofauti hiyo kila kilomita.