Ligularia Kivulini: Uzoefu Wangu wa Misimu Mitatu

Nilinunua mche mmoja wa ligularia, aina ya 'Desdemona', kwa kuvutiwa na majani yake, ambayo ni ya mviringo, mapana kama ungo mdogo, ya kijani kilichokolea kwa juu na ya zambarau kwa chini. Nimeutunza kwa misimu mitatu katika upande wa bustani unaopata jua la asubuhi kwa saa mbili tu, na nitaanza na kasoro, kwa sababu ndiyo iliyokaribia kuniulia mmea wenyewe.

Kibandiko kilichokuja na chungu kilisema kwamba mmea huu unafaa kivulini. Ni kweli, ila hakikueleza kwamba kivuli cha ukuta na kivuli cha mti ni vitu viwili tofauti kabisa. Mimi niliupanda chini ya mti mkubwa, mahali palipoonekana pa baridi na tulivu, bila kufikiri kwamba mizizi ya mti ule hunyonya maji kabla hayajaufikia mmea mwingine wowote, na kwamba hata mvua ya wastani huishia kwenye matawi. Msimu wote wa kwanza kingo za majani zilikauka na kugeuka kahawia, na hakuna jani lililozidi upana wa kiganja changu. Ligularia ya jamii hii asili yake ni China na Japani, ambako huota penye unyevunyevu; kivuli inakipenda kwa sababu kinauhifadhi unyevu huo, na pale kivuli kinapokuwa kikavu haina faida nacho.

Msimu wa pili, machipukizi yalipoanza tu kujitokeza, niliuhamishia kando ya ukuta. Nilichimba shimo la kina cha nusu mita, nikatandika chini yake karatasi ya plastiki niliyoitoboa matundu machache ili maji yatoke polepole, kisha nikalijaza udongo uliochanganywa na mboji na majani yaliyooza, na juu nikaweka matandazo ya unene wa sentimita saba hivi. Mabadiliko yalinishangaza: kufikia katikati ya majira ya joto majani makubwa yalikuwa na upana wa sentimita 30, na vikonyo vyake vyekundu vilikuwa vinene kuliko kidole changu cha shahada.

Jambo moja lilinitia hofu hata hapo. Ikifika saa sita mchana, siku ya joto, majani yote hulala chini kama nguo iliyoloa, na asiyejua atadhani mmea unakufa. Nilikuwa nakimbilia ndoo kila mara, mpaka siku moja nilipoingiza kidole ardhini nikakuta udongo umeloa vizuri. Majani mapana namna ile hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, na jua likipungua nguvu husimama yenyewe. Tangu hapo nahukumu kwa hali ya jioni: yakiwa bado yamelala jua likizama, ndipo namwagilia, tena kwa wingi.

Adui wa kweli ni konokono. Machipukizi hutoka ardhini yakiwa yamekunjwa kama ngumi, ya zambarau iliyokaribia weusi, na konokono mmoja akiyatoboa wakati huo, tundu lake hupita katika mikunjo yote, kwa hiyo jani likifunguka huwa limegeuka chujio na litabaki hivyo hadi mwisho wa msimu. Wiki hizo za mwanzo mimi hutoka na tochi usiku na kuwaokota kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha, sikatai.

Maua yake ya rangi ya machungwa, yanayofanana na alizeti ndogo, huja mwishoni mwa majira ya joto na nyuki huyafurahia, ingawa kwangu ni ziada tu. Naupa mmea alama nne kati ya tano, na kibandiko chake nakipa moja.

Majira ya baridi majani yote hufa, na sasa pale ukutani hapaonekani kitu isipokuwa matandazo. Machipukizi yakitoka tena nitalichimba shina na kuligawa mara mbili, kipande kimoja nikipande karibu na bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka paani.