Aspirini ya dozi ndogo kwa mjamzito aliye hatarini kupata kifafa cha mimba: kidonge kipi, kiasi gani, kuanzia lini

Dawa yenyewe ni kongwe na bei yake si ya kumtisha mtu. Aspirini ya miligramu 75, ambayo watu wengi wameizoea kama dawa ya wagonjwa wa moyo na waliopata kiharusi, ndiyo hiyo hiyo anayoandikiwa mjamzito aliye katika hatari ya prieklampsia. Hii ni presha inayopanda baada ya wiki ya 20 na kufika 140/90 au zaidi, mkojo ukiwa na protini, au figo, ini na viungo vingine vikianza kudhurika. Isipodhibitiwa, mama hufika kwenye degedege, yaani kifafa cha mimba chenyewe.

Inafanya kazi? Ndiyo, mradi iliyomezwa ni dozi sahihi na imeanzwa mapema. Utafiti wa ASPRE uliochapishwa mwaka 2017 uliwachukua wanawake 1,776 ambao vipimo vilionyesha wako hatarini. Nusu walimeza miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36, na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Prieklampsia ya kabla ya wiki ya 37 iliwapata asilimia 4.3 ya wasiopewa dawa, na asilimia 1.6 tu ya waliopewa. Hiyo ndiyo aina inayolazimisha mtoto atolewe akiwa bado mchanga mno. Kwa ile inayokuja mimba ikiwa imekomaa, tofauti haikuwa ya kutegemewa, na mama anastahili kuambiwa hivyo tangu mwanzo asije akadhani amechanjwa. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1994, utafiti wa CLASP uliotumia miligramu 60 kwa wanawake zaidi ya 9,000 ulileta matokeo ya kukatisha tamaa, na ndiyo sababu madaktari wengi waliiweka kando dawa hii kwa muda mrefu.

Tusisahau pia utafiti wa mwaka 2020 uliofanyika katika nchi sita, Kenya na Kongo zikiwemo, kwa karibu wanawake 12,000 wa mimba ya kwanza. Walimeza miligramu 81 kila siku, na kuzaa kabla ya wakati kukashuka kutoka asilimia 13.1 hadi 11.6. Kwa hiyo ushahidi hauko Ulaya tu.

Kuhusu kiasi, wakubwa hawasemi kitu kimoja. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 75, Marekani wanatoa 81, Uingereza wanaruhusu 75 hadi 150, na shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, linapendekeza 150 usiku. Sisi tunaegemea 150 pale daktari anapokubali, kwa sababu ndiyo dozi iliyotoa matokeo yaliyo wazi zaidi. Lakini mama aliyeandikiwa 75 ameze 75. Asijiongezee mwenyewe kwa kuwa amesoma mahali.

Kosa kubwa zaidi ni tarehe. Kondo la nyuma hujenga njia zake za damu ndani ya mji wa mimba katika miezi ya mwanzo, mishipa ya mama ikitanuka ili damu ipite kwa wingi. Aspirini kwa kiasi kidogo hupunguza thromboksani, kemikali inayofanya chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, zigandamane na mishipa ibane. Ikiingia wakati ujenzi unaendelea, inasaidia. Ikichelewa, sehemu kubwa imeshajengwa vibaya. Ianze wiki ya 12, na ikiwezekana isipite ya 16. Miongozo mingine inaruhusu kuanza hata wiki ya 28, ila faida inakuwa imepungua. Anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano ameshapitwa na wakati ulio bora, na hilo hakuna kidonge cha kulirekebisha.

Sasa vidonge vyenyewe. Cha 75 cha kawaida ndicho tunachokipa alama ya juu: viwili vinatimiza 150 bila kukata kitu. Cha 75 cha kuyeyusha majini ni kizuri kwa anayetapika akimeza vigumu. Kiyeyushwe kwenye maji kidogo, glasi isuuzwe, na maji ya kusuuzia yanywewe pia, kwa sababu unga hubaki chini. Kilichofunikwa utando wa kuyeyukia utumboni hakikatwi wala hakitafunwi, maana ukikikata utando umeshaharibika. Cha 81, ambacho ndugu walioko Marekani hutuma kwenye chupa, kinafaa bila wasiwasi. Cha 100 kimo ndani ya kiwango cha 75 hadi 150, na FIGO huwapa 100 wanawake wenye uzito chini ya kilo 40.

Cha 300 ndicho kinacholeta matatizo. Kwa hesabu, nusu ni 150 na robo ni 75, na pasipokuwa na kingine kinatumika, mradi kiwe cha kawaida kisicho na utando na kiwe na mstari katikati. Nusu hupatikana vizuri. Robo iliyokatwa kwa kisu cha jikoni huvunjika vipande visivyolingana na nyingine hubaki unga. Na jihadhari na vile vya maumivu ya kichwa vya madukani: aspirini humo mara nyingi imechanganywa na parasetamoli na kafeini, kwa kiasi kikubwa. Havifai kabisa kwa kazi hii. Geuza pakiti usome mgongoni kabla ya kulipa.

Kitu kingine cha kuangalia kwa macho na pua ni unyevu. Aspirini ikipata unyevu huvunjika kuwa asidi ya salisili na asidi ile iliyomo ndani ya siki. Fungua kopo unuse. Likitoa harufu kali ya siki, au vidonge vina vinywele vyeupe vinavyong'aa juu yake, usinunue. Mombasa, Tanga na Unguja, kidonge kilichohesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi hakikai vizuri. Chukua vya kwenye karatasi za bati, kila kimoja kwenye tundu lake, na visiwekwe bafuni wala juu ya jiko.

Nani apewe? Sababu moja inatosha ikiwa ni nzito: aliwahi kupata prieklampsia, ana presha ya siku zote, kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi (kinga ya mwili inayoushambulia mwili wenyewe), au amebeba mapacha. Sababu nyepesi zinahitaji kuwa mbili au zaidi: mimba ya kwanza, umri mkubwa, unene uliopitiliza, mama au dada aliyewahi kuupata, au zaidi ya miaka 10 tangu mimba iliyopita. Asipewe mwenye mzio wa aspirini, mwenye pumu inayochochewa nayo, mwenye vidonda vya tumbo vinavyosumbua sasa, au mwenye ugonjwa wa kutokwa damu. Ndiyo maana uamuzi uanzie kwa daktari au mkunga, usianzie kaunta ya famasia.

Imezwe usiku baada ya chakula, na maji ya kutosha. Kiungulia na damu ya pua hutokea, aghalabu si vikali. Kinyesi cheusi kama lami ni jambo la kukimbilia hospitali, ingawa anayemeza FEFO, vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, ajue chuma nacho hukifanya kiwe cheusi, hivyo amweleze muuguzi dawa zote anazotumia. Ukisahau usiku mmoja, endelea kesho yake bila kufidia. Kusahau mara kwa mara kunagharimu: katika ASPRE, waliomeza asilimia 90 ya vidonge au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Ukiumwa, tumia parasetamoli. Ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini kufanya kazi yake, na ibuprofeni na diklofenaki zote hazifai kwa mimba iliyopita wiki 20.

Dawa hii haishushi presha. Aliyeandikiwa dawa za presha kama methildopa au nifedipini aendelee nazo, na kupimwa presha na mkojo kusirukwe. Kichwa kinachouma bila kutulia, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au uso kuvimba ghafla ni safari ya hospitali saa ileile.

Wengi husimamisha wiki ya 36. Uchungu ukianza mapema, mwambie muuguzi ulimeza lini mara ya mwisho. Dozi ndogo peke yake haizuii sindano ya mgongo ya upasuaji.

Kwa bajeti: wiki ya 12 hadi 36 ni siku 168. Anayemeza kimoja kwa siku anahitaji pakiti 6 za vidonge 28, na anayemeza viwili pakiti 12. Nunua za mwezi mmoja au miwili kwa mara moja, na uandike kwa kalamu juu ya kila pakiti tarehe uliyoifungua.